Redio inakwaruza kila kompyuta ikiwashwa? Huyu ndiye anayetakiwa kuzima

Kama redio yako inaanza kukwaruza kila kompyuta ya jirani inapowashwa, au picha ya televisheni inaganda kila mtu akichomeka chaja fulani, huo si uchawi. Mara nyingi pia si kosa la kituo cha redio. Huo ni mwingiliano wa mawimbi, na una sheria zake.

Sheria hizo hazizungumzwi sana mitaani kwa sababu zimejificha nyuma ya kifaa, kwenye maandishi madogo ambayo karibu hakuna anayeyasoma. Lakini zinamgusa mwenye steshenari Biharamulo mjini, fundi wa Rulenge, muuza chaja wa Benaco, na wewe unayesoma hapa kwenye simu yako.

Haya ndiyo mambo ya kuyajua.

Kwa nini Ngara na Biharamulo?

Ngara inapakana na Rwanda upande wa Rusumo na Burundi upande wa Kabanga. Redio ina historia nzito huku. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo wakitokea Rwanda na kuingia Ngara. Mwaka uliofuata, 1995, Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi (JRS) lilianzisha Radio Kwizera wilayani humo. Kwizera, kwa Kinyarwanda na Kirundi, ni kutumaini.

Biharamulo nako kuna kumbukumbu ya karibuni zaidi. Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuthibitishwa kwa ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, na kitovu chake kilikuwa Biharamulo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi 2025. Watu 10 walikuwa wamefariki: wawili walithibitishwa kwa vipimo vya maabara, na wanane walihesabiwa kuwa huenda walikuwa na ugonjwa huo.

Siku kama hizo, tangazo la afya likikatika katikati ni hatari. Ukisikia "dalili zake ni homa kali na..." kisha kelele mpaka mwisho, umebaki na nini?

Ndiyo maana kelele ya redio si suala la starehe tu. Kwa nyumba ambayo bando limeisha, redio ndogo ya betri ndiyo njia ya mwisho ya kupata taarifa.

Kompyuta inageukaje kuwa kituo cha redio?

Kifaa chochote kinachowasha na kuzima umeme kwa kasi kubwa kinatoa mawimbi. Hakijatengenezwa kurusha matangazo, lakini kinarusha. Tofauti ni kiasi tu.

Kompyuta ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni moyo wake, yaani prosesa na saketi zinazoizunguka, ambazo hupiga mapigo mamilioni hadi mabilioni kwa sekunde.

Cha pili, na mara nyingi ndicho kikorofi zaidi, ni chaja au pawa saplai. Inapokea umeme wa volti 230 na kuushusha hadi volti 19 za laptopu au volti 5 za simu. Kazi hiyo inafanyika kwa kuukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kila mkato unatoa mawimbi, na mawimbi hayo huzaa mengine ya masafa ya juu zaidi, mpaka yanafika kwenye bendi za redio. Halafu waya wa chaja na nyaya za ukutani zinafanya kazi ya antena bila kuombwa.

Mtengenezaji makini anajua hilo, kwa hiyo anaweka vizuizi vitatu. Kuna kichujio ndani ya chaja kinachozuia mawimbi yasirudi kwenye nyaya za nyumba. Kuna kasha la chuma linaloyafungia ndani. Na kuna ule uvimbe mweusi unaouona karibu na mwisho wa waya wa chaja au wa skrini. Wengi wanadhani ni pambo au kiungo cha waya. Ndani yake mna pete ya feraiti, nyenzo inayomeza mawimbi ya juu yasipite kwenye waya.

Sasa chaja ya bei ya kutupa inapunguzwaje bei? Vitu hivyo vitatu ndivyo vinavyoondolewa kwanza, kwa sababu bila hivyo bado inachaji. Mnunuzi haoni tofauti. Anayeiona ni jirani mwenye redio.

Kelele yako ni ya aina gani?

Kabla ya kumlaumu mtu, sikiliza vizuri. Kila tatizo lina sauti yake.

• Mlio wa kukwaruza au kuvuma usiokatika, hasa kwenye bendi ya AM na masafa mafupi: mara nyingi ni chaja, taa za LED, inveta au kidhibiti cha sola.

• Sauti ya kituo kingine juu ya kituo chako: hiyo si kompyuta. Ni vituo viwili vinavyogongana kwenye masafa.

• FM inayoshuka na kupanda ukihama chumba: huenda ni mlima tu. Mawimbi ya FM yanapenda kwenda moja kwa moja, na milima ya Ngara haina huruma. Aliye bondeni anapata kidogo kuliko aliye kileleni.

• Picha ya televisheni ya antena kuganda au kugeuka vipande vipande: matangazo ya dijitali hayakwaruzi, yanakatika. Chanzo kinaweza kuwa antena dhaifu, au kifaa cha umeme kilicho karibu nayo.

• Wi-Fi kufa kila ukichomeka diski ya nje: mwaka 2012 kampuni ya Intel ilichapisha maelezo kwamba nyaya na vifaa vya USB 3.0 vinatoa kelele kwenye eneo la gigahezi 2.4, ambalo ndilo Wi-Fi nyingi na mausi zisizo na waya hutumia. Sogeza diski mbali, au tumia waya mrefu kidogo.

Kwa nini AM inateseka kuliko FM? AM inabeba sauti kwenye ukubwa wa wimbi, na kelele ya umeme inabadilisha ukubwa huo huo. FM inabeba sauti kwenye mabadiliko ya masafa, kwa hiyo inavumilia zaidi. Lakini ukiwa mbali na mnara, hata FM inazidiwa.

Sheria zilianzia wapi?

Wazo ni la zamani. Mwaka 1934 huko Paris iliundwa kamati maalumu ya kimataifa ya kushughulikia kelele za redio, inayojulikana kwa kifupi CISPR. Wakati huo hapakuwa na kompyuta. Walikuwa wanahangaika na mota za umeme na mashine za nyumbani zilizoharibu usikivu wa redio.

Kompyuta za nyumbani zilipoingia Marekani miaka ya 1970, televisheni za majirani zikaanza kuchafuka. Mwaka 1979 Tume ya Mawasiliano ya huko, FCC, ikapitisha mipaka ya kelele kwa vifaa vya kompyuta. Hazikuwa kanuni za maonyesho. TRS-80 Model I, moja ya kompyuta zilizouzwa sana wakati huo, ilisitishwa Januari 1981 kwa sababu haikuweza kukidhi masharti hayo.

Leo kanuni ya CISPR inayoshika kompyuta, skrini, printa na televisheni ni CISPR 32, iliyotoka mwaka 2012. Inagawa vifaa katika madaraja mawili.

• Daraja A: vya viwandani, maofisini na kwenye vyumba vya seva.

• Daraja B: vya kutumika majumbani, ambapo redio na televisheni ziko jirani.

Kwenye masafa ya megahezi 30 hadi 1,000, ambayo ndani yake mna FM yote, Daraja A linaruhusiwa kutoa desibeli 10 zaidi ya Daraja B. Kwa lugha rahisi, hiyo ni nguvu mara 10. Kwa hiyo seva ya ofisi iliyonunuliwa kwa mtumba na kufungwa sebuleni inaweza kuwa nzima kabisa, ina nembo zote, na bado ikasumbua mtaa. Haikutengenezwa kwa ajili ya hapo.

Tanzania anayesimamia ni nani?

Masafa ya redio ni mali ya umma, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Sheria kuu inayotumika ni Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, ambayo wengi wanaiita EPOCA.

Chini ya sheria hiyo na kanuni zake, kifaa cha mawasiliano kinatakiwa kiwe kimeidhinishwa na TCRA kabla ya kuingia sokoni. Mamlaka inaangalia taarifa za vipimo vya kifaa: kinatumia masafa gani, kwa nguvu kiasi gani, na kama kinakidhi viwango vya usalama na vya kelele. Hii inagusa simu, ruta, redio za mkononi, na vifaa vingine vyenye redio ndani yake, zikiwemo Wi-Fi na Bluetooth.

Vifaa vya umeme visivyo vya mawasiliano, mfano taa na nyaya, viwango vyake viko kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS).

Sasa tufike kwenye swali la kichwa cha habari: nani azime?

Kanuni inayotumika duniani, na Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Mawasiliano la Kimataifa (ITU), ni hii. Anayetumia masafa kwa leseni analindwa. Kituo cha redio kina leseni. Usafiri wa anga nao una masafa yake maalumu, yakiwemo yanayoanzia megahezi 108, palepale FM inapoishia. Kompyuta, chaja na ruta yako ya nyumbani havina leseni ya masafa. Vinaruhusiwa kuwepo kwa masharti mawili: visisumbue, na vivumilie vikisumbuliwa.

Kwa maana hiyo, kompyuta ikigongana na redio, inayotakiwa kunyamaza ni kompyuta. Haijalishi uliinunua bei gani, na haijalishi kama hukukusudia. Ukishajulishwa kuwa kifaa chako kinasumbua, kazi ya kukirekebisha au kukizima ni yako.

Nembo za nyuma zinamaanisha nini?

Geuza chaja yako sasa hivi. Utakuta mlolongo wa alama. Hapa ndipo watu wengi wanapotea.

*FCC.* Ni ya Marekani, ile tume tuliyoitaja juu. Inamaanisha kifaa kinadaiwa kukidhi mipaka ya Marekani. Hapa kwetu kuna mkanganyiko wa jina: Tume ya Ushindani ya Tanzania nayo inajulikana kama FCC, na ndiyo inayopambana na bidhaa bandia. Hizo ni taasisi mbili tofauti kabisa. Muuzaji akikuambia "ona, FCC wameipitisha", ujue tume yetu haijaigusa.

*CE.* Ni ya Ulaya. Kwa vifaa vya umeme, sharti la kutosumbua mawimbi lilianza kuwa la lazima huko tarehe 1 Januari 1996. Lakini kwa vifaa vingi, anayetia alama hii ni mtengenezaji mwenyewe, kwa kuapa kwamba amekidhi masharti. Mtengenezaji mwaminifu ana vipimo mkononi. Asiye mwaminifu ana mashine ya kuchapa stika.

*Daraja A au B.* Mara nyingi imeandikwa kwa Kiingereza kwenye lebo ya kompyuta, swichi za mtandao na skrini. Ikiwa ni ya nyumbani, tafuta B.

*TBS.* Alama ya ubora ya Tanzania. Ikiwepo kwenye kifaa cha umeme, ni ishara nzuri.

*TCRA.* Kwa kifaa chenye redio ndani, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: aina hii imeidhinishwa na TCRA? Muuzaji mwenye leseni hatakiwi kushangaa ukimuuliza.

Jambo la kukumbuka: alama ya nchi nyingine haigeuki kuwa kibali cha Tanzania. Kifaa kilichopitishwa na RURA ya Rwanda au ARCT ya Burundi kimepitishwa kwa ajili ya nchi hizo. Ukikivusha Rusumo au Kabanga, kinaanza upya.

Kwani TCRA si wanaweza kuzizima tu, kama simu feki?

Wengi wanakumbuka Juni 2016. Usiku wa kuamkia tarehe 17, simu zenye namba bandia za utambulisho zilizimwa nchi nzima. Kabla ya hapo watu walihimizwa kubonyeza *#06# kupata namba ya IMEI na kuituma kwenda 15090 ili kujua kama simu ni halali.

Hilo liliwezekana kwa sababu kila simu inajitambulisha kwenye mtandao. Mtandao ukiikataa, imekwisha.

Chaja feki haina IMEI. Inveta haina laini. Kompyuta ya mezani haimpigii hodi mtu yeyote kabla ya kuanza kutoa kelele. Hakuna kitufe Dar es Salaam wala Dodoma cha kuizima, na ofisi ya TCRA ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza, siyo jirani na Murgwanza wala Nyakahura.

Kwa hiyo kizuizi cha mwisho ni pale dukani, wewe na pesa yako mkononi. Kikishapita hapo, kinachofuata ni kusubiri jirani alalamike.

Makosa manne ya kawaida kwenye steshenari

Si kila kelele inatoka kwenye kifaa feki. Kompyuta halisi, yenye nembo zote, inaweza kuharibiwa na jinsi inavyotumika.

1. *Kuacha kasha la CPU wazi.* Mnafungua ubavu ili ipoe. Inapoa kweli, lakini lile bati ndilo linalozuia mawimbi yasitoke. Safisha vumbi na feni, kisha rudisha bati na skrubu zake zote.

2. *Kukwepa waya wa ethi.* Plagi ya pini tatu inachomekwa kwenye ekstensheni ya matundu mawili, au tundu la juu linafunguliwa kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie. Kichujio cha kompyuta kinategemea waya huo wa kijani na njano kupeleka kelele ardhini. Bila huo, kelele inarudi kwenye nyaya. Dalili yake unaijua: ukigusa bati la CPU unasikia mtekenyo wa umeme. Mtekenyo huo unakuambia ethi haipo. Ukiwa mkali, zima na umwite fundi umeme, hiyo inaweza kuwa hitilafu ya hatari.

3. *Kubadilisha pawa saplai kwa ya bei ya chini kabisa.* Kompyuta yenyewe ni ya kampuni inayoaminika, lakini kifaa cha ndani kinachotoa kelele zaidi kimebadilishwa. Nembo ya nje haisemi ukweli tena.

4. *Inveta na sola zisizo na vichujio.* Umeme ukikatika, inveta inashika kazi. Zile zinazotoa umeme wa mawimbi ya mraba zinachafua zaidi. Nyaya ndefu za kutoka kwenye paneli nazo zinasambaza kelele kama antena. Zisogeze karibu, zisokote pamoja chanya na hasi, na usizipitishe kando ya waya wa antena.

Mtafute mkorofi kwa dakika 10

Huhitaji mashine. Unahitaji redio ndogo ya betri yenye AM.

Hatua ya 1: Weka AM, tafuta sehemu isiyo na kituo, ongeza sauti kidogo.

Hatua ya 2: Zima meni swichi ya nyumba nzima. Kama una sola au inveta, izime pia. Kelele ikiisha, mkorofi yuko ndani. Ikibaki ileile, yuko nje: kwa jirani, dukani, au kwenye laini ya umeme.

Hatua ya 3: Kama yuko ndani, rudisha umeme na washa kifaa kimoja kimoja. Kumbuka chaja iliyochomekwa bila simu bado inafanya kazi. Chomoa kabisa, usizime skrini tu.

Hatua ya 4: Sogeza redio karibu na kifaa unachokishuku. Kelele ikipanda kadiri unavyosogea, umempata.

Hatua ya 5: Jaribu dawa za bei nafuu kwanza. Badilisha chaja. Sogeza redio au antena mita mbili tatu. Nunua pete ya feraiti ya kubana kwenye waya, na kama waya unatosha, uzungushe mara mbili tatu ndani ya pete. Rudisha bati na ethi.

Mkorofi akiwa nje, tembea na redio yako ukisikiliza inapozidi. Usipande kwenye nguzo wala kugusa transfoma. Nguzo ikiwa ndiyo chanzo, kazi hiyo ni ya TANESCO.

Na ukimpata jirani, nenda kwa heshima. Mpigie hodi ukiwa na redio, asikie mwenyewe. Watu wengi hawajui kabisa kwamba chaja ya elfu mbili imeharibu taarifa ya habari ya nyumba tatu.

Mpakani kuna mambo yake

Ukiwa Rusumo au Kabanga, simu inaweza kukukaribisha Rwanda au Burundi ukiwa bado umekaa Tanzania. Huo si mwingiliano kwa maana ya kisheria, ni minara kufika mbali kuliko mipaka. Weka simu ichague mtandao kwa mkono, na uzime matumizi ya data ya nje.

Vituo vya FM vya nchi tatu kugongana ni suala jingine. Bendi ya FM, megahezi 87.5 hadi 108, iligawanywa kwa makubaliano ya Geneva ya mwaka 1984 yanayoihusu Afrika. Nchi jirani zinatakiwa kuelewana kabla ya kituo kipya kuwashwa karibu na mpaka. Kwa Afrika Mashariki wasimamizi hukutana kupitia shirika lao la EACO, lenye makao Kigali. Hilo huwezi kulimaliza kwa kubadilisha chaja, litolee taarifa.

Tahadhari moja kubwa: vile vifaa vya kuongeza nguvu ya mtandao wa simu. Vijiji vingi vya mpakani mtandao ni wa kuokoteza, na watu wanashawishika kununua. Kifaa hicho kinarusha mawimbi kwenye masafa yenye leseni ya kampuni za simu. Kikifungwa bila idhini kinaweza kuwakatia mtandao watu wengi kuliko kinaowasaidia, na hapo unaingia kwenye kosa la kisheria moja kwa moja.

Kama wewe ni muuzaji au fundi

Kuingiza, kusambaza na kuuza vifaa vya mawasiliano kunahitaji leseni ya TCRA. Kufunga na kutengeneza vifaa hivyo pia kuna leseni yake. Adhabu chini ya EPOCA ni pamoja na faini na kifungo, na mzigo unaweza kutaifishwa.

Kabla ya kuagiza mzigo, mwombe msambazaji nyaraka za vipimo na uhakikishe namba ya modeli iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyo kwenye kifaa. Herufi moja ikitofautiana, hiyo ni modeli nyingine. Tunza risiti. Ukija kuulizwa, hiyo ndiyo itakayoonyesha mzigo ulitoka wapi.

Fundi naye, ukifungua kifaa rudisha kila kitu: bati, pete, kichujio. Kipande kilichobaki mezani huku kompyuta "inawaka fresh" ndicho kitakachomkera jirani kesho.

Malalamiko yanaenda wapi?

• Tatizo la simu au intaneti: anza kwa kampuni inayokuhudumia, chukua namba ya lalamiko. Usiporidhika, nenda TCRA.

• Kituo cha redio hakisikiki au kimegongana na kingine: kijulishe kituo chenyewe na TCRA Kanda ya Ziwa, Mwanza.

• Kifaa cha umeme kisicho na ubora: TBS.

• Bidhaa bandia yenye jina la kampuni nyingine: Tume ya Ushindani.

• Unataka ushauri kuhusu haki zako: Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano (TCRA-CCC).

Usipeleke lalamiko la "redio inasumbua" tu. Andika tarehe na saa, masafa ya kituo, kijiji na kata, sauti ya kelele ikoje, na umeshajaribu nini. Rekodi sekunde 30 kwa simu. TCRA wana mitambo ya kufuatilia masafa, lakini wanahitaji kujua waanzie wapi na saa ngapi. Kelele inayotokea saa mbili usiku haipatikani saa nne asubuhi.

Leo jioni, kabla ya taarifa ya habari, fanya jaribio la meni swichi. Ikiwa kelele inatoka kwako, umeokoa na redio ya jirani pia.